Amigo Hajapewa Jembe

Julai 2019, mjini Kyiv, balozi wa Marekani katika Umoja wa Ulaya, Gordon Sondland, alihojiwa na televisheni ya Ukraine. Alikuwa akieleza ni akina nani waliokabidhiwa mambo ya nchi ile na Rais Trump. Akajitaja yeye, akamtaja Kurt Volker, mjumbe maalumu wa Marekani kwa Ukraine, akamtaja Rick Perry, waziri wa nishati. Halafu akawafunga wote watatu kwa kamba moja: "three amigos", yaani marafiki watatu, "three" ya Kiingereza na "amigos" ya Kihispania.

Ilipofika Novemba, jina hilo lilikuwa likitajwa katika vikao vya Bunge vya kumchunguza Trump mjini Washington, mbele ya wanasheria wenye suti, kana kwamba ni cheo.

Katika watatu hao hakuna Mmeksiko. Ukraine haizungumzi Kihispania. Na Kiingereza kina neno lake, "friend", walilolikuta mababu zao.

Kwa nini basi amigo?

Wiki kadhaa sasa swali hili halinipi nafasi. Ukisema "three friends" umetoa taarifa. Ukisema "three amigos" umetoa taarifa na kukonyeza jicho. Kamusi inasema maana ni ile ile, rafiki. Hilo jicho linatoka wapi?

Likiwa nyumbani kwake

Asili ni Kilatini, "amicus", ndugu wa kitenzi "amare", kupenda. Kihispania kilikuwa na tabia ya kuilainisha sauti ya k ikikaa katikati ya irabu, ikawa g. Ndivyo p ilivyogeuka b katika "lupus" hadi "lobo", mbwamwitu, na t ikawa d katika "vita" hadi "vida", uhai. Waitalia hawakugusa kitu hapo: wao wanasema "amico". Wafaransa waliimeza konsonanti nzima wakabaki na "ami". Wareno wanasema "amigo" kama Wahispania, na hilo naomba ulikumbuke, tutalirudia Mombasa.

Kulitamka vizuri ni rahisi zaidi kwa Mswahili kuliko kwa Mwingereza. Irabu za Kihispania ni tano, zile zile zetu. Mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu: a-MI-go. Penye kazi ni ile g. Haigongwi. Inua nyuma ya ulimi kana kwamba unataka kusema g, lakini usiuache uguse kaakaa; pumzi ipite. Aliyezoea gh ya "lugha" anaijua njia hiyo tayari. Ailegeze tu, isikwaruze.

Mwingereza hukosea mara tatu katika neno la silabi tatu. Huimeza a ya mwanzo, huigonga g kwa nguvu zote, na o ya mwisho huipa mkia wa u.

Makosa mengine ni ya sarufi. Mwanamke ni "amiga", si amigo. Wanawake watupu ni "amigas". Wanawake kumi na mwanamume mmoja, kwa kanuni ya zamani, wote wanageuka "amigos". Ndiyo maana wapo wanaoandika "amigues" kukwepa jinsia, na mwaka 2022 serikali ya jiji la Buenos Aires ikawazuia walimu kutumia maumbo ya namna hiyo darasani. Sisi wenye rafiki mmoja wa jinsia zote tunaweza kuutazama ugomvi huo tukiwa barazani. Na ukimuaga mtu kwa maandishi, weka koma na alama ya mkazo: "Adiós, amigo". Kiingereza huviacha vyote viwili mpakani.

Nyumbani kwake neno hili lina ukoo mkubwa. "Amistad" ni urafiki. "Amiguito" ni rafiki mdogo, wa kitoto. "Amigote" ni rafiki wa ulevi na mambo ya hovyo. "Amigarse" ni kupatana. Mwaka 2014 kamusi ya chuo cha lugha cha Hispania ilimpokea hata "amigovio", mtu aliyekwama katikati ya rafiki na mchumba.

Sasa tafuta ukoo wake katika Kiingereza.

Hakuna.

Mgeni siku mbili

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Amigo linaonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu miaka ya 1830, miaka ile ile Texas ilipojitenga na Meksiko. Siku ya tatu ilishapita zamani. Jembe hajapewa.

Wenzake waliovuka naye mpaka walipewa. Wachunga ng'ombe wa Kimarekani walijifunza kazi kwa Wameksiko, na kazi ilikuja na maneno yake. "Lazo", kamba ya kitanzi, ikawa "lasso", na leo ni kitenzi pia. "La reata" ikabanwa pamoja na kibainishi chake "la" ikawa "lariat". "Rancho" ilikatwa mkia ikawa "ranch", ikazaa "rancher" na "ranching". "Mesteño", farasi asiye na mwenyewe, ikawa "mustang". Na "vaquero", mchunga ng'ombe mwenyewe, alitafunwa hadi akawa "buckaroo", sura ambayo Mhispania hawezi kuitambua.

Hawa wote walifanya kazi. Mtu aliyekuwa na ng'ombe mia mbili na hana jina la kamba alilihitaji jina hilo kesho asubuhi. Amigo halikuhitajiwa na yeyote. Kiingereza kilikuwa na "friend", "mate", "chum", "pal". Neno lisilo na kazi likiletwa huwa pambo: linavaliwa kama kofia pana ya majani, ili mvaaji aonekane kuwa alifika kule.

Hapo ningeishia, kama isingekuwa historia ya miaka ile yenyewe.

Mwaka 1839 jahazi la Kihispania lilitoka Havana likiwa na Waafrika 53 waliouzwa utumwani. Walipindua uongozi wa jahazi wakiwa baharini, wakaishia kukamatwa kwenye pwani ya Marekani, na mwaka 1841 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwamba ni watu huru. Jahazi hilo liliitwa La Amistad. Urafiki.

Na tarehe 2 Februari 1848, Meksiko iliyoshindwa vitani ilitia saini mkataba wa Guadalupe Hidalgo. California, New Mexico na nchi zote za katikati zikaenda Marekani kwa dola milioni 15. Jina rasmi la waraka huo kwa Kihispania linaanza "Tratado de Paz, Amistad, Límites": amani, urafiki, mipaka. Ukijumlisha na Texas, Meksiko ilipoteza zaidi ya nusu ya ardhi yake.

Huo ndio muongo ambao amigo lilizoea ndimi za Waingereza wa Amerika.

Amigo mchana, adui usiku

Nusu karne baadaye lilisafiri na jeshi. Vita vya Marekani dhidi ya Wafilipino vilianza Februari 1899, katika visiwa ambavyo Hispania ilivitawala zaidi ya miaka 300. Mwanakijiji aliyekutana na doria alipaza sauti kwa lugha ya mkoloni wa zamani ili mkoloni mpya asimpige risasi: amigo, amigo. Askari wa Marekani waliamini kwamba mtu huyo huyo usiku huchimbua bunduki aliyoizika. Wakatunga jina la mbinu hiyo, vita vya amigo. Vinywani mwao neno likawa na maana ya mtu anayejifanya rafiki.

Linganisha na Wafilipino wenyewe. Wao walichukua "compadre", mtu uliyeungana naye kwa ubatizo wa mtoto, wakalikata hadi "pare", na leo kijana wa Manila humwita mwenzake hivyo bila kufikiri. Neno limefanyiwa kazi mpaka halina tena sura ya ugeni.

Jane Hill, mwanaisimu na mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Arizona, alilichunguza jambo hili kuanzia miaka ya 1990 na kuliita Kihispania cha dhihaka. Alionyesha njia kadhaa. Moja ni kulishusha neno hadhi: "adiós", ambalo ndani yake mna Mungu, likawa namna ya kumwambia mtu ondoka hapa. Nyingine ni kubandika "el" mbele na o nyuma ya neno la Kiingereza ili lichekeshe. Ndiko ilikotoka "no problemo", kauli ambayo Mhispania haisemi kamwe. Kwake ni "problema", neno lenye a ya mwisho ingawa ni la kiume, urithi wa Kigiriki. Anayesema "no problemo" hajakosea Kihispania. Hakuwa anazungumza Kihispania. Alikuwa anafanya mzaha ambao haukai vizuri bila picha fulani ya Mmeksiko mvivu, na msikilizaji akicheka, picha hiyo imeshapita mlangoni bila kutajwa.

Nilipofika hapa nilidhani hoja imekwisha. Ndipo ilipoanza kuyumba.

Wenyewe nao husema

Wahispania nao humwita mgeni amigo.

Tena marafiki wa kweli hawaitani hivyo sana. Ukiwasikiliza Wameksiko wawili waliokua pamoja utasikia "güey", "compa", "carnal". Madrid ni "tío". Bogotá ni "parce", Caracas ni "pana", Havana ni "asere", San José ya Costa Rica ni "mae". Amigo hutumika kumsimulia mtu, "es amigo mío", ni rafiki yangu. Kama neno la kuitia, mara nyingi humwendea mtu ambaye jina lake hulijui: mhudumu, dereva wa teksi, mteja anayepita mbele ya duka. Sikiliza soko la Cancún na sikiliza ufukwe wa Nungwi. Huku "amigo!", kule "rafiki, karibu!" Hakuna aliyedanganywa kwamba urafiki umeanza.

Kwa hiyo Mmarekani anayemwita mtu asiyemjua amigo hajavunja kanuni ya Kihispania. Ameifuata, bila kujua.

Na Kiingereza huwafanyia hivyo hivyo maneno yake mwenyewe. "Listen, pal" si maneno ya mapenzi. "My friend" ikisemwa polepole inaweza kumfanya mtu arudi nyuma hatua mbili. Hata kwetu, mzee akikuambia "sikiliza, rafiki yangu" kabla ya kukusomea hesabu ya deni, hujisikii umependwa.

Basi kosa li wapi?

Nadhani liko kwenye mwelekeo. Muuza vinyago wa Cancún anasema amigo kwa lugha yake, akimvuta mtu aje kwake. Mwenye nyumba wa Texas anayemwita amigo fundi wa paa lake ameacha lugha yake, akachukua neno moja la lugha ya fundi, na kulitumia kumwonyesha fundi yuko upande gani. Fundi anaweza kuwa amezaliwa Houston na asijue Kihispania.

Kutoka Ghuba

Hili wasomaji wetu walioko Muscat, Dubai na Doha hawahitaji kuelezwa. Rafiki letu ni la Kiarabu, "rafiq", mwenzi wa safari. Waarabu husema tafuta rafiq kabla ya njia. Katika siasa za vyama vya Kiarabu likawa na maana ya mwanachama mwenzangu. Lakini katika Kiarabu cha mitaani cha Ghuba, rafiq ni pia namna ya kumwitia kibarua wa Kihindi, Kipakistani au Kibangladeshi ambaye hakuna aliyeuliza jina lake. Njoo, rafiq. Beba hiki, rafiq.

Mtu wa Tanga au Mombasa anayefanya kazi huko hulisikia neno la nyumbani kwao likiwa limevaa nguo nyingine.

Ni amigo lile lile, kwa herufi nyingine.

Pal anaharibu hoja

Nilijenga nadharia nzuri: neno la watu waliodharauliwa hubaki mgeni. Kisha nikalikumbuka "pal".

Pal linatoka kwa Waroma, si watu wa Roma bali wale ambao Waingereza huwaita Gypsy, watu waliofukuzwa na kunyanyaswa Uingereza kwa karne nyingi. Asili yake ni "phral", ndugu, jamaa wa "bhratr" ya Kisanskrit. Liliingia Kiingereza katika karne ya 17, na leo limepewa jembe, panga na shamba: rafiki wa barua ni "pen pal", kuwa karibu na mtu ni "pally". Hakuna anayekonyeza jicho akilisema.

Kwa nini pal na si amigo? Dharau haitoshi kuwa jibu.

Sura inasaidia. Phral iliangushwa sauti mpaka ikalingana na "gal" na "Hal". Haina alama ya kwao. Amigo lina o usoni. Lakini "piano" nalo lina o, na hakuna anayecheka.

Ninalokubaliana nalo zaidi ni ujirani. Lugha ya Waroma Uingereza ilififia kiasi kwamba hakuna aliyebaki sokoni kulikumbusha pal ukoo wake. Kihispania hakijaondoka. Sensa ya Marekani ya 2020 ilihesabu watu wenye asili ya Kihispania milioni 62. Kila asubuhi amigo husemwa tena na wenyewe, kwa g yao laini, umbali wa ukuta mmoja. Haliwezi kusahau kwao, kwa sababu kwao ni mtaa wa pili.

Nadharia hii nayo ina tobo. Kiarabu hakikuondoka pwani yetu, na rafiki hata hivyo ni Mswahili kamili. Amezaa urafiki na kirafiki. Amegombaniwa na ngeli: wapo wa "rafiki zangu" na wapo wa "marafiki wangu", na walimu bado wanasahihishana. Neno linalogombaniwa na walimu wa sarufi limeshafika nyumbani. Labda ni kwa kuwa lugha yetu ina kanuni mlangoni, kila anayeingia aongeze irabu, na kanuni hiyo haimwulizi mtu ametoka wapi. Kiingereza hakina mlango wa namna hiyo. Kila neno linapambana peke yake.

Adui alipita zamani

Kilatini kilikuwa pia na "inimicus", asiye rafiki. Kwa Kihispania ni "enemigo". Ukisikiliza vizuri, amigo bado yumo ndani yake. Kifaransa cha kale kililipokea, Wanormani wakalipeleka Uingereza, na likawa "enemy".

Neno hilo liko katika Kiingereza tangu Enzi za Kati. Haliandikwi kwa herufi za mlazo, halichekeshi, halina lafudhi. Asiye rafiki amekaa miaka zaidi ya 600 kama mwenyeji. Rafiki anaombwa kitambulisho.

Meza, bendera, leso

Tusiwacheke. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakang'olewa humo mwaka 1698. Karne mbili. Watu waliosema "amigo" walikula, waliuza, walipigana na waliomba hifadhi pwani hii yote.

Tukachukua "mesa" ikawa meza. Tukachukua "bandeira" ikawa bendera, "lenço" ikawa leso, "carta" ikawa karata.

Amigo tukamwacha ngomeni.

Tulifanya walichofanya wachunga ng'ombe: vyombo ndani, rafiki nje. Tofauti ni kwamba sisi hatukumchukua hata kwa mzaha.

Yule aliyefika kwa mlango wa nyuma

Ila kuna neno moja la Kihispania la rafiki ambalo lilipita. Katika karne ya 16 askari wa Hispania waliolala chumba kimoja, "cámara", waliitana "camarada". Wakati huo jeshi la Hispania liliogopwa Ulaya nzima, na majeshi mengine yalijifunza kwake. Wafaransa wakasema "camarade". Mwishoni mwa karne hiyo Waingereza wakasema "comrade". Hawakulichukua kwa kucheka. Lilitoka kwa watu waliowazidi nguvu, na lilifika kupitia Kifaransa, likiwa limeshafutika vumbi la Castilla.

Karne tatu mbele likaingia katika vyama vya kisoshalisti. Mwaka 1963 vijana wa chama cha Umma cha Abdulrahman Babu waliitwa kwa jina hilo Unguja, na hadi leo wazee wa Zanzibar wanawakumbuka hivyo: makomredi. Bara, ndugu lilitawala majukwaa, lakini komredi hakukosa kiti. Kusini ya Ruvuma, FRELIMO walisema "camarada", moja kwa moja kutoka Kireno.

Komredi ana kiambishi cha wingi na hana lafudhi. Ni Mhispania, na hatujui.

Narudi Kyiv. Anayetafsiri sentensi ya Sondland kwa Kiswahili ana njia chache. "Marafiki watatu" ni sahihi na imekufa, jicho halikonyezi. "Amigo watatu" inabaki na kofia, lakini msomaji wa Songea hana picha ya kuichekea. "Washikaji watatu" ndiyo ningeandika, kwa kuwa mshikaji ana ule utani na ule ujanja, na mtu mzima akijiita hivyo mbele ya kamera unaanza kumtilia shaka. Neno la Kihispania tulilo nalo tayari, lenye wingi wake na miaka sitini ya kazi, halitumiki hapo hata kidogo. Andika "makomredi watatu", uone simu zitakazokuja kutoka Unguja.